Nilimpa mama mkwe kijiji kisicho chake: miaka miwili ya kutafuta ukoo wa Ayalandi

Mama mkwe wangu alikuwa na nyanya aliyesali rozari kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa. Hilo ndilo alilolikumbuka kuliko yote. Alikuwa na miaka minane nyanya huyo alipofariki mwaka 1944, hapa hapa Lowell, Massachusetts, na hata uzeeni aliweza kutuigizia ule mnong'ono wa usiku, midomo ikienda mbio, bila kujua neno hata moja. Nyanya aliitwa Hannah. Kabla ya kuolewa alikuwa wa ukoo wa Sullivan. Alitoka Ayalandi akiwa msichana, akafanya kazi za ndani. Alitoka sehemu gani ya Ayalandi, hakuna aliyejua.

Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a. Nimeolewa katika familia hii miaka kumi na tisa, na binti yetu wa kwanza ana jina la mama mkwe kama desturi yetu inavyotaka. Kwetu mtu akikuambia anaitwa Njoroge, bado hajakuambia kitu. Utamuuliza ni wa mbari gani, wa kigongo gani, ng'ambo ipi ya mto. Basi mama mkwe aliponishika mkono katika nyumba ya wazee akaniambia, "Wewe watu wenu mnajua kuulizana ukoo, nitafutie alikotoka Nana," niliona kazi hiyo ni saizi yangu. Naandika haya kwa sababu nilimletea jibu lisilo la kweli, akafa akiliamini, na kosa langu lingeepukika kwa dakika tano tu.

Nilianza vibaya siku ya kwanza. Niliandika "Hannah Sullivan, Ayalandi" kwenye tovuti moja kubwa ya kulipia, nikatoa karibu dola 300 za mwaka mzima, na majina yakamwagika. Sullivan ndiyo ukoo wenye watu wengi kuliko zote katika kaunti za Kerry na Cork, na mwanamke mmoja unaweza kumkuta ameandikwa Honora kwenye ubatizo, Nora kwenye sensa, Hannah kwenye kaburi. Bridget naye anageuka Delia. Jeremiah anakuwa Darby. Mimi nilimtafuta Hannah peke yake miezi miwili nzima, na msichana niliyemtaka hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja kabla ya kuvuka bahari.

Kisha nikasikia ile habari inayowakatisha tamaa watu wengi, kwamba kumbukumbu za Ayalandi zote ziliungua. Si kweli, ila kuna ukweli ndani yake. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zikaangamia, isipokuwa vipande vichache. Zile za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa karatasi upya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo sensa za kwanza zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911. Lakini vizazi, vifo na ndoa viliandikishwa na ofisi nyingine. Watu wote walianza kuandikishwa Januari 1864, na vitabu hivyo vipo. Madaftari ya ubatizo ya Wakatoliki yalikuwa parokiani, hayakuwa Dublin, nayo yapo. Ningelijua hili mapema nisingelia ile Jumapili jikoni.

Jambo jingine ambalo sikulijua ni kwamba sehemu kubwa ya haya ni bure. Picha za vitabu vya vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa za miaka 75 na vifo vya miaka 50 ziko kwenye irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali. Sensa za 1901 na 1911 ziko kwa Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi, bure. Madaftari ya Wakatoliki hadi karibu 1880 yako Maktaba ya Taifa, bure tangu 2015. Mimi nilikuwa nimelipia mlango wakati uani kulikuwa wazi.

Sasa kosa lenyewe. Nilikuwa na rekodi ya ndoa ya Hannah, Lowell, 1890. Yaani nilikuwa na muhtasari wake, ule uliochapwa na mtu mwingine: jina la bwana, jina la bibi, baba yake Jeremiah, mama yake Mary. Nikatafuta Honora Sullivan, binti wa Jeremiah na Mary, aliyezaliwa miaka ya 1860. Akatokea mmoja wa kaunti ya Cork, 1868. Tena kulikuwa na watu wanne ambao tayari walikuwa wamemweka kwenye ukoo wao, wakimuunganisha na Hannah wa Lowell. Nikajiambia, watu wanne hawawezi kukosea. Sikujiuliza kama wanne hao walikuwa wamenakiliana, na ndivyo ilivyokuwa.

Niliagiza nakala mbili zenye mhuri kutoka Ayalandi, yuro 20 kila moja, ilhali picha ya ukurasa uleule ilikuwa bure. Nikachapisha ramani ya kijiji kile cha Cork. Mama mkwe akaomba ibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake. Kila muuguzi aliyeingia alionyeshwa. "Pale ndipo kwetu," alisema, na kidole chake kilikuwa kikitetemeka hadi kinapita kijiji na kuingia baharini. Miezi minane ilikaa pale. Alipofariki, kwenye kadi ya mazishi tuliandika kwamba alikuwa mjukuu wa Hannah wa kijiji hicho, jina la kijiji kwa wino wa kijani. Tulichapa kadi 200.

Wiki sita baadaye nilitaka kumfurahisha mume wangu kwa kumwonyesha nyumba ya wazazi wa Hannah kwenye sensa ya 1901. Nikaikuta. Jeremiah, mkulima. Mary, mkewe. Na chini yao Honora, binti, hajaolewa, yumo ndani ya nyumba. Tarehe 31 Machi 1901 alikuwa Cork, na Hannah wetu wakati huo alikuwa Lowell na watoto wanne. Mwaka uliofuata yule Honora akaolewa kijiji jirani, jina la baba yake likiwa wazi kwenye cheti. Hakuwahi kuvuka bahari.

Sikumwambia mume wangu kwa siku tatu. Nilikuwa nahisi kama nimemwibia marehemu. Nilipomwambia alikaa kimya, halafu akauliza swali moja: "Mama alikuwa anatazama ramani ya nani?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma kisa cha Annie Moore kutoka Cork, mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi Marekani iliamini kuwa alikwenda magharibi akafia Texas. Mwaka 2006 ikathibitishwa kuwa Annie wa Texas alikuwa mtu mwingine kabisa, mzaliwa wa Illinois, na Annie wa kweli hakutoka New York, alizikwa huko huko Queens. Haikuniondolea uchungu, lakini ilinifundisha nianze na kumkana mtu kabla ya kumkubali. Sasa nikimpata anayefanana, kazi yangu ya kwanza ni kumtafuta akiwa mahali ambapo mtu wangu hawezi kuwa. Kama ameandikwa akifa utotoni, au ameolewa kwao, au yumo nyumbani mwaka 1901, namwacha hapo hapo.

Nikarudi mwanzo, na mwanzo ulikuwa Lowell. Hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii, na laiti ningeambiwa: anza kutafuta pale mhamiaji alipoishia, si pale alipotoka. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, wenyewe wanaviita townland, vingine havizidi mashamba machache. Bila kitongoji, au angalau parokia, unapepeta mchanga. Na kitongoji mara nyingi kimeandikwa huku ugenini, na mtu aliyekuwa na hamu ya kukumbuka.

Nilifungua picha ya rekodi ya ndoa ya 1890, ile ambayo muhtasari wake nilikuwa nao tangu mwanzo. Mwandiko wa karani ulikuwa mzuri, wa mlalo. Kwenye safu ya wazazi palikuwa na Jeremiah na Mary, na baada ya Mary, kwa herufi ndogo zilizobanwa dhidi ya mstari, palikuwa na jina la kwao: Shea. Yule Mary wa Cork hakuwa Shea. Kama ningefungua picha hiyo siku ya kwanza, ramani ile isingebandikwa. Aliyechapa muhtasari alikuwa ameliruka neno moja. Tangu siku hiyo sipokei muhtasari wowote kama picha yenyewe ipo, hata kama ni saa nane za usiku na macho yamechoka.

Tahadhari pia na miaka. Kwenye sensa ya Marekani ya 1900 Hannah alizaliwa Mei 1869. Kwa sensa ya 1910 ni 1871. Cheti cha kifo kinampa umri wa kuzaliwa 1872. Sikushangaa sana, maana baba yangu mwenyewe kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama nusu ya wazee wa kijijini kwetu. Mtu asiyesherehekea siku ya kuzaliwa hana sababu ya kuishika. Mpe mhamiaji wako nafasi ya miaka mitano, hata saba, kila upande.

Kilichonifungulia mlango ni mtu niliyempuuza. Katika sensa ya 1900, ndani ya nyumba ya Hannah, mstari wa mwisho chini ya watoto, kulikuwa na mpangaji: Cornelius Sullivan, kibarua. Nilikuwa nimemwona mara kumi. Kwa kuwa ameandikwa mpangaji, na akina Sullivan ni wengi, nilimpita. Safari hii nilimfuata. Cheti chake cha kifo kilikuwa na wazazi walewale, Jeremiah na Mary Shea. Alikuwa kaka. Hakuoa, hakuacha mtoto, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimtafuta. Nikaenda ofisi ya makaburi ya St. Patrick hapa Lowell, yaliyoanza 1832, kwenye mji ambao vibarua wa Kiayalandi walichimba mifereji yake kwa mikono tangu 1822. Nikapewa namba ya kaburi. Jiwe lilikuwa limeegemea kidogo, ukungu wa kijani umejaza herufi. Niliusugua kwa brashi laini na maji matupu, na tafadhali usitumie sabuni wala waya, jiwe linaumia. Yakatokea maneno: mzaliwa wa parokia ya Tuosist, kaunti ya Kerry.

Nilikaa chini kwenye nyasi zilizolowa.

Kama hujapata kaka mwenye jiwe, kuna sehemu nyingine. Gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, lilichapa kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao: jina, kaunti, parokia, mara nyingi kitongoji, na mara ya mwisho alisikika wapi. Yananikumbusha matangazo ya redio nyumbani, yale ya "popote ulipo". Nilisoma usiku kucha watu wasio wangu. Wengi walikuwa wameondoka kwa sababu ya ile njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852, iliyoua kama watu milioni moja na kuwatawanya zaidi ya milioni nyingine. Karatasi za uraia nazo zitazame, lakini zile za kabla ya Septemba 1906 mara nyingi husema tu "Ayalandi". Mwanamke aliyeolewa usimtafute humo, maana kabla ya 1922 alipata uraia kupitia mumewe.

Kutoka parokia ya Tuosist hadi msichana mmoja bado kulikuwa na kazi. Wilaya ya uandikishaji ni Kenmare, na wilaya hizi hazifuati mipaka ya kaunti sawasawa, kwa hiyo soma jina la wilaya, usiangalie kaunti peke yake. Faharasa ya miaka hiyo haionyeshi jina la kwao mama. Ilibidi nifungue kila Honora Sullivan wa Kenmare, picha moja moja, kuanzia 1864 hadi 1873, nikiandika kwenye daftari la shule la binti yangu: tarehe, kitongoji, baba, mama, nani aliyeandikisha. Majina yote niliyoyakataa niliyaandika pia, pamoja na sababu. Daftari hilo ndilo kitu cha thamani zaidi nilicho nacho leo, maana mwaka wa kwanza sikuandika kitu na nilikuwa nikiwakataa watu walewale mara tatu tatu.

Wakabaki Honora wawili, vitongoji viwili tofauti, wote baba Jeremiah, wote mama Mary Shea. Hapo Ukikuyu wangu ndio ulionisaidia. Waayalandi wa zamani walikuwa na utaratibu wa kurithisha majina unaokaribia kabisa wetu: mvulana wa kwanza anachukua jina la babu upande wa baba, wa pili babu upande wa mama. Tofauti ni kwa wasichana, maana wao wa kwanza humpa jina la nyanya mzaa mama. Si sheria, lakini ni dira. Kama Cornelius ndiye alikuwa kifungua mimba, basi baba yake Jeremiah angekuwa mwana wa Cornelius. Nikaenda kwenye Griffith's Valuation, ile orodha ya waliokalia ardhi iliyotayarishwa kati ya 1847 na 1864, nayo ni bure. Kitongoji kimoja hakikuwa na Cornelius hata mmoja. Cha pili kilikuwa naye, na shamba lake ndilo ambalo baadaye Jeremiah alilikalia.

Madaftari ya kanisa yakathibitisha. Yameandikwa Kilatini, na msomaji wa Kiswahili ana bahati moja: Jacobus ni James, na sisi waraka wa James tunauita Waraka wa Yakobo tangu utotoni, kwa hiyo jina halitupotezi. Soma pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa kawaida ni mashangazi na wajomba. Msimamizi wa Honora alikuwa Shea. Kisha nikaona kitu cha ajabu: alibatizwa siku tisa kabla ya tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwa serikali. Hiyo ni kawaida huko. Mzazi akichelewa kuandikisha, alisogeza tarehe mbele ili akwepe faini. Ukikuta hivyo, iamini ya kanisa.

Jeremiah na Mary nilikutana nao wenyewe kwenye sensa. Mwaka 1901 Mary ana miaka 56. Mwaka 1911 ana 71. Miaka kumi imemzeesha kumi na mitano, na hakuwa peke yake kujiongezea umri: tangu Januari 1909 serikali ilikuwa ikilipa pensheni kwa waliotimiza 70. Safu ya lugha inasema wote wawili wanazungumza Kiayalandi na Kiingereza. Nikaukumbuka mnong'ono wa rozari. Fomu ya nyumba inasema kuta za mawe, matofali au zege, vyumba viwili, madirisha mawili mbele, na banda la ng'ombe. Kuhusu kusoma, Mary ameandikwa hajui.

Watu kanisani kwetu wakisikia haya huuliza kama mume wangu atapata pasi ya Ayalandi. Hapati. Nyanya au babu mzaliwa wa Ayalandi anakupa haki ya kujiandikisha kuwa raia, ada ya mtu mzima ikiwa yuro 278. Mama mkwe alikuwa na haki hiyo miaka mingi na hakujua. Lakini ili aipitishe kwa mwanawe alipaswa kuandikishwa mapema; kwa watoto wanaozaliwa sasa, mzazi lazima aandikishwe kabla hawajazaliwa. Kama una mkwe au mwenzi wa asili hiyo, na mtoto yuko njiani, angalieni jambo hili sasa hivi, msingoje ajifungue.

Sitaandika jina la kitongoji, kwa kuwa nyumba ile bado ina watu. Picha ya ukurasa wa 1866 nimeichapisha. Kwenye safu ya mtu aliyeleta habari za kuzaliwa karani ameandika Mary Sullivan, alikuwepo wakati wa kuzaliwa, na katikati ya jina ameacha nafasi ambamo kuna msalaba mdogo, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, wino umezidi pale kalamu iliposimama. Ndiyo alama yake, kama karani alivyoinakili. Alitembea hadi kwa mwandikishaji na mtoto mchanga akaiweka.

Mama mkwe amezikwa St. Patrick pia. Kutoka kaburi lake hadi kwa Cornelius ni dakika nne kwa mguu, nimepima. Miaka yote alipokuwa akija kuweka maua kwa wazazi wake alipita njia hiyo hiyo. Mei iliyopita tulikwenda, mimi, mume wangu na binti yetu mwenye jina lake. Nilikuwa na kadi moja ya mazishi iliyobaki. Binti yangu alikata kijiji cha wino wa kijani kwa mstari mmoja, akaandika Tuosist juu yake kwa penseli, akamsomea bibi yake kwa sauti.